Dada wa Wete, usichome sindano hizo kabla mkojo haujaoteshwa

Acha! Kama hujaenda kwa huyo mwenye duka la dawa, usiende. Umesema UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, imerudi, duka limekwambia uchome sindano tano za seftriaksoni kuanzia leo jioni, nawe unauliza kama uongeze azithromaisini, kama madafu yanasaidia, na kama ni choo cha kukaa cha kazini ndicho kinachokupa. Mimi nakuuliza: mkojo umeoteshwa? Sisemi kuchovya kijiti cha rangi, wala kutazama usaha kwa darubini. Kuoteshwa: maabara wauweke kwenye sahani waone bakteria gani wanaota na dawa gani inawazuia.

Nimechomwa hizo hizo hapa Unguja. Mtu wa duka, na koti jeupe juu, alinihakikishia kuwa ndiyo kiboko ya UTI sugu. Maumivu yakatulia, nikashukuru Mungu. Yaliporudi akanichoma tena, akaniongezea na dawa ya pili juu yake. Nilipelekwa maabara nikiwa katikati ya dozi hiyo, majibu yakatoka: hakuna kilichoota.

Hapa nisome pole pole, maana ndipo nilipoumia. Dawa ikishajaa kwenye mkojo inaweza kuwazuia bakteria wasiote kwenye sahani ya maabara, hata kama haiwamalizi, na huko ndani bado wapo. Karatasi ikasema mzima, nikaambiwa ni mawazo tu. Bakteria wakapanda hadi kwenye figo. Homa, meno yanagongana, ubavu wa kulia siguswi. Nikalazwa, na pesa ya ada ya skuli ya watoto ikaishia kwenye dripu.

Spitali wakachukua mkojo mwingine kabla ya kunitundikia chochote, safari hii dawa za duka zilikuwa zimeshatoka mwilini. Fundi wa maabara alinionesha sahani. Bakteria wametanda kama utando wa maziwa, juu yao vimepangwa vikaratasi vya duara, kila kimoja na dawa yake. Dawa inayofanya kazi huacha duara safi kukizunguka kikaratasi, nalo hupimwa kwa milimita. Kikaratasi cha seftriaksoni kilikuwa kimezingirwa mpaka ukingoni. Kwenye majibu, mbele ya sipro, yaani siprofloksasini, R. Amoksilini, R. Seftriaksoni, R. Yaani sugu, sugu, sugu. Sindano zote zile zilikuwa maji.

Ni E. coli, bakteria wa matumboni mwetu, ila hawa wana kimeng'enya kinachoivunja seftriaksoni. Na jeni yake mara nyingi imo kwenye plasmidi, kipande kidogo cha DNA ambacho bakteria humpa mwenziwe, hata wa aina nyingine. Kila sindano ya bure inaua wapole tumboni na kuwaachia nafasi hao. Kisha wanatoka nasi chooni, na majitaka ya Mji Mkongwe unajua yanaishia wapi: baharini. Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya juu ya dozi za ovyo kwenye hotuba yake ya Nobel mwaka 1945. Mwaka 1945! Leo mtu anauza sindano bila cheti cha daktari, hajauliza hata una homa au huna, halafu anajiita mtaalamu. Hasira zangu kwake hazijaisha.

Kwa hiyo: mkojo kabla ya dawa ya kwanza. Jisafishe, mkojo wa mwanzo uache uende, kinga wa katikati kwenye kikopo cha maabara, ufike ndani ya saa mbili. Uliza spitali ya Chake au ya Abdulla Mzee kule Mkoani kama wanaotesha. Majibu huchukua siku mbili tatu. Usimwachie mtu akukimbize. Azithromaisini haina kazi kwenye UTI ya kawaida, usiiongeze.

Ukipata homa na kutetemeka, au ubavu ukiuma, usingoje majibu: nenda spitali usiku huo huo, uwaombe wachukue mkojo kabla ya dripu. Na hukusema kama una mimba. Kama unayo, au unahisi unayo, mwambie daktari kabla hajaandika dawa yoyote, na sipro usiiguse.