Ukienda Samarkand, anzia Afrasiab kabla ya Registan

Kila anayeniuliza kuhusu Samarkand, kule Uzbekistan, anaulizia Registan tu, zile madrasa tatu zenye vigae vya bluu ambazo kila mtu anapigia selfi. Ni nzuri, sibishi. Ila mimi nakushauri Registan iweke jioni wakishawasha taa, asubuhi nenda Afrasiab, maana huko ndo Samarkand yenyewe ilikokuwa, hii ya mjini ni ya akina Timur, yule mtawala wa karne ya 14, na wajukuu zake, watu wa juzijuzi tu hao.

Sasa usitegemee kukuta majumba. Afrasiab ni vilima vya udongo kaskazini mwa mji, zaidi ya hekta 200, nyasi kavu na mashimo ya wachimbaji wa mambo ya kale, ukifika kichwa kitupu utasema hivi nimeletwa kuangalia nini hapa. Kwa hiyo soma kidogo kabla hujaenda. Watu walikaa hapo tangu karne ya 7 au ya 8 KK, Wagiriki waliuita mji huo Marakanda, Alexander Mkuu akauteka 329 KK, na ni humohumo mwaka uliofuata kwenye karamu, pombe zimeshapanda, alimchoma mkuki Cleitus, jemadari wake mwenyewe aliyewahi kumwokoa vitani. Wakaja Waarabu chini ya Qutayba ibn Muslim mwaka 712, halafu 1220 Genghis Khan na Wamongolia wake wakapafyeka, na baada ya hapo mji haukurudi tena kilimani, ukahamia kusini ulipo leo.

Anza na makumbusho, iko palepale kando ya barabara, na usipite mbiombio kama uko kwenye foleni ya benki. Kuna ukumbi mmoja una michoro ya ukutani ya karne ya 7, iligunduliwa 1965 wakati wanachonga barabara, yani ni katapila ndo lilifumua historia! Ni enzi za mfalme Varkhuman wa Wasogdi, wale wafanyabiashara wa njia ya hariri. Unaona mabalozi wa Kichina wamebeba hariri, Wakorea wana manyoya kwenye kofia, ukuta mwingine kuna msafara wenye tembo mweupe. Rangi zimefifia lakini kaa, zoea mwanga, vitu vinaanza kujitokeza vyenyewe.

Ukitoka hapo tembea, ila beba maji na kofia, kivuli hakuna kabisa na kiangazi jua la kule halina utani. Upande wa mto Siab kuna kaburi la nabii Danieli, lina urefu wa mita 18 hivi, wenyeji wanasema mwili unaendelea kukua, haya, sisi tusibishane nao.

Kisha shuka upande wa kusini hadi Shah-i-Zinda, kichochoro cha makaburi yenye vigae ambavyo kwangu mimi vinaizidi Registan. Hapo yupo Qutham ibn Abbas, binamu yake Mtume. Na hapa Waswahili mtege sikio: Ibn Battuta, msafiri yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa 1331, miaka michache baadaye alifika kwenye kaburi hili, akaandika kwamba watu wa Samarkand wanakuja kulizuru usiku wa kuamkia Jumatatu na Ijumaa. Mpaka leo ni mahali pa ibada, kwa hiyo dada zangu mtandio, kaka zangu acheni kaptula, na ukikuta watu wanasomewa dua zima kamera kwanza.

Ukimaliza utakuwa na njaa, shukia soko la Siyob, ni karibu, nunua mkate wao wa duara unaong'aa, mzito huo, mmoja mnakula wawili. Na treni ya kasi kutoka Tashkent, inaitwa Afrosiyob hivyohivyo, ni mwendo wa masaa mawili na kidogo, tiketi kata mapema kwa sababu msimu wa watalii zinaisha haraka sana.