Dhahabu nyekundu na joho la kutoonekana: tunajibu maswali yenu

Nimeambiwa kile kimstari chekundu cha kipimo cha haraka cha malaria ni dhahabu. Kweli? Mbona dhahabu ni ya manjano?

Ni kweli kwa vipimo vingi vya aina hiyo, hata vya ujauzito. Ndani ya utepe ule mna chembe za dhahabu zilizoshikizwa kingamwili (protini zinazonasa kitu maalumu, kama vile protini ya kimelea), kila moja ikiwa na kipenyo cha makumi ya nanomita. Nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita. Dhahabu yoyote ina elektroni, yaani vijichembe vya umeme, zinazorandaranda. Katika pete zina nafasi tele. Katika chembe iliyo ndogo kuliko wimbi la mwanga zimebanwa, na mwanga ukifika zote huyumba kwa pamoja. Chembe ya nanomita 20 hivi iliyo majini huitikia zaidi mwanga wenye wimbi la urefu wa nanomita 520 hivi, yaani kijani. Kijani kikimezwa, jicho hubakiwa na wekundu. Chembe zikisogeleana sana, wekundu hugeuka zambarau au buluu, na dhahabu ni ileile! Damu ikiwa na protini ya kimelea, chembe hunaswa kwa wingi kwenye mstari hadi zionekane. Betri haihitajiki, wala darubini.

Ugunduzi huu ni wa juzi?

Matumizi yake ni ya kale. Kikombe cha Lycurgus, kazi ya Warumi ya karne ya 4 iliyoko British Museum, London, ni cha kijani kikimulikwa kwa nje na chekundu taa ikiwa ndani. Kioo chake kina chembe za dhahabu na fedha. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alichunguza dhahabu ya namna hii mwaka 1857. Hesabu za kueleza rangi hiyo alizikamilisha mwanafizikia Mjerumani Gustav Mie mwaka 1908.

Joho la kutoonekana lipo?

Lipo, ila si la kuvaa. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walipanga vipande vidogo vya shaba kuzunguka silinda, na mawimbi ya maikrowevu yakapinda, yakaizunguka na kupita. Hiyo ndiyo metamateriali, yaani maada iliyoundwa na binadamu: nguvu yake hutoka kwenye umbo na mpangilio. Kwa mwanga wa kawaida vipande vingepaswa kuwa vidogo kuliko nanomita 400, na metali humeza mwanga mwingi. Anayekuuzia joho mtandaoni ni tapeli.

Je, kuna viumbe vyenye ufundi huu?

Tunda la Pollia condensata, la misitu ya Afrika, hung'aa buluu bila chembe ya rangi hiyo. Ni tabaka za selulosi (nyuzinyuzi za mimea) tu, zilizojipinda ngazi kwa ngazi. Sampuli iliyochumwa Ghana mwaka 1974 haijachuja.