Fleur ni ua, lakini ni nani aliyekuita hivyo?

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 28, nimeolewa Mbagala, mume wangu ni mtu wa Tanga. Tumejaliwa binti, ana wiki 7 sasa. Siku ya akika mama mkwe alimpa jina lake, Mwanaidi, bila kuniuliza. Mimi nataka kwenye cheti cha kuzaliwa aandikwe Fleur, yaani ua kwa Kifaransa, neno tamu ambalo niliitwa nilipokuwa nasoma Bujumbura. Mama mkwe ni mshamba, anasema linasikika kama flu, na mjukuu wake hawezi kuitwa mafua. Mume wangu nimemwambia jina nililiona mtandaoni, lakini amenuna, kila siku ananiuliza nani kanifundisha. Hawa watu nifanye nao nini?
Mama Fleur, Mbagala

Marahaba mwanangu, na hongera kwa uzazi. Wiki 7 za kukesha si mchezo, kwa hilo pole. Pole yangu inaishia hapo.

Nimeanza barua yako kwa kuisoma chini. Umesaini Mama Fleur. Kumbe hukuja kwangu kuuliza, umekuja kutafuta shahidi.

Haya, "bila kuniuliza". Akika ni siku ya saba. Mbuzi kachinjwa, dua imesomwa, watu wamekula pilau, na jina limetajwa wewe ukiwa umekaa hapohapo na mtoto mapajani. Ulisema nini? Barua haisemi. Mimi nahisi uliulizwa, ukajibu "sawa mama", ukaingia chumbani ukanuna.

Huyo unayemwita mshamba ana masikio mazuri kuliko yako. Sauti ya katikati ya Fleur haimo katika Kiswahili. Ni mpaka ubinue midomo kama anayepuliza chai ya moto. Mbagala nani ana nafasi hiyo? Shuleni atakuwa Fulea, sokoni Filua, na zahanati nesi atatoka na kadi mkononi, "Flu! Flu yuko wapi?", na foleni nzima itanyanyua mikono. Bibi kaliona hilo kabla yako, unamtukana.

Ugomvi na Kifaransa sina. Huko Bujumbura, na kuvuka mpaka Bukavu na Goma, kina Espérance, Bijou, Trésor na Dieudonné wamejaa, wenye heshima zao, na mtu akiitwa Trésor jirani anajua ni hazina. Mobutu mwenyewe, aliyekuwa rais wa Kongo, alikuwa Joseph-Désiré, yaani aliyetamaniwa, mpaka mwaka 1972 alipopiga marufuku majina ya kigeni akajiita Sese Seko. Utawala wake ulipolegea majina yakarudi. Neno likishaota mizizi mahali halingolewi kwa amri. Ila linaota pale panapoeleweka. Hata Wafaransa wenyewe si kila neno wanalipokea: mwaka 2015 ilisikika habari ya wazazi wa huko Valenciennes waliotaka binti yao aitwe Fraise, lile tunda la stroberi. Jaji akakataa, akasema mtoto atataniwa. Wakaishia Fraisine.

Halafu hivi, nani alikudanganya kwamba Kiswahili hakina maua? Tanga kuna Asumini, kuna Waridi, kuna Maua mwenyewe. Wazee wetu walikuwa wanataja jambo: Chausiku kazaliwa usiku, Masika kazaliwa mvua zinanyesha, Sikujua mama yake anajua hakujua nini. Nyie ndoa za siku hizi jina mnaliokota kwenye simu saa nane za usiku, mume kalala, asubuhi anakuta mwanawe ana jina asiloweza kulitamka, mkimaliza mnauliza kwa nini hatulii nyumbani. Mtoto wa watu wawili anapewaje jina na mtu mmoja? Lakini niache, nitafika mbali.

Turudi Bujumbura. "Niliitwa." Na nani, mwanangu? Mwalimu hamwiti mwanafunzi ua. Mimi umeniambia Bujumbura, mumeo umemwambia mtandaoni. Ungekuwa huna la kuficha, hadithi ingekuwa moja. Mumeo hajui Kifaransa, lakini uso wako anausoma kila siku, na lile swali lake la "nani kakufundisha" si la lugha. Unataka amwite binti yake, kutwa mara ishirini, kwa neno ulilobembelezwa nalo na mwanamume mwingine. Yeye ndiye angemwita mwanawe kwa jina la mpenzi wake wa zamani, wewe ungekuwa umeshafunga virago, uko kwenye basi la Kigoma.

Mimi niko upande wa mumeo na mama yake. Leo usiku mwambie neno ulilisikia Bujumbura na kwamba umeliacha. Akiuliza zaidi, jibu lile aliloliuliza tu, usianze kumhadithia rangi ya shati. Mkweo mwombe radhi kwa ule ushamba, hata kama ulimwita moyoni, wakwe husikia. Kisha muulize kama mjukuu anaweza kuwa na jina la nyumbani Asumini. Nakuhakikishia atacheka.

RITA, wale wanaoandikisha vizazi, wanataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90, na wewe umeshakula zaidi ya nusu kwa kununiana. Nendeni wote wawili, cheti kiandikwe Mwanaidi.