Anza na matumizi: ushauri kwa anayeanza kusoma fomu za fedha za wagombea wa Congress

Karibu kila anayeanza kazi hii hufanya jambo lile lile. Akifungua tu tovuti ya FEC, tume inayosimamia fedha za uchaguzi wa shirikisho Marekani, anakimbilia orodha ya wachangiaji kutafuta majina makubwa: bilionea fulani, mwigizaji, bosi wa kampuni ya mafuta. Si vibaya, lakini tajiri huyo haruhusiwi kumpa mgombea zaidi ya dola 3,500 kwa kila uchaguzi katika msimu wa 2025-2026, mchujo ukihesabiwa peke yake na uchaguzi mkuu peke yake. Kampeni inayotumia mamilioni haiyumbishwi na hundi ya namna hiyo. Mimi nakushauri uanzie jedwali B, pale kamati ya kampeni inapoeleza pesa zimekwenda wapi. Mchango unaweza kutoka kwa mtu ambaye mgombea hajawahi kumwona. Pesa inayotoka, lazima kuna mtu ndani ya kampeni aliyeiidhinisha.

Mchukulie Duncan Hunter, aliyekuwa mbunge wa California. Mwaka 2016, FEC iliiandikia kamati yake barua kuuliza kuhusu malipo ya michezo ya kompyuta, jumla dola 1,302. Yeye alisema mwanawe ndiye aliyetumia kadi ya kampeni. Waandishi wa gazeti la San Diego hawakuishia hapo, wakaendelea kuchambua matumizi mengine. Agosti 2018 Hunter na mkewe walishtakiwa kwa kutumia fedha za kampeni kwa mambo ya nyumbani, na kati ya yaliyotajwa katika kesi hiyo ni gharama ya kumsafirisha sungura wa familia kwa ndege. Alikiri kosa Desemba 2019, akahukumiwa miezi 11, na Desemba 2020 Rais Trump akamsamehe kabla hajaanza kutumikia kifungo. Mzozo wote huo ulianza na kiasi ambacho watu wengi wangekipita bila kukitazama mara mbili. Kwa hiyo usipange orodha kuanzia kiasi kikubwa tu. Ipange pia kwa jina la anayelipwa, kisha kwa tarehe, uone nini kinajirudia.

Kujirudia ndiko kulikomuumbua George Santos wa New York baada ya kushinda kiti cha Baraza la Wawakilishi Novemba 2022. Fomu zake zilikuwa na malipo mengi ya dola 199.99 kamili. Mgeni wa kazi hii hushangaa kuna nini hapo. Sheria inaitaka kampeni itunze risiti au ankara ya kila malipo yanayozidi dola 200. Mtu anaweza kulipa dola 199.99 mara moja mgahawani kwa bahati. Akilipa kiasi hicho hicho hotelini, kwenye teksi na kwenye duka la vifaa vya ofisi, hapo una haki ya kuuliza.

Santos anatufundisha na jingine, mikopo. Mgombea anaruhusiwa kuikopesha kampeni yake pesa zake mwenyewe bila kikomo, na mkopo huo unaandikwa kwenye jedwali C. Yeye aliandika zaidi ya dola 700,000. Ukisoma fomu za FEC peke yake huoni kitu cha ajabu, maana matajiri wengi hufanya hivyo. Siri ilikuwa katika hati nyingine, tamko la mali binafsi, ambalo mgombea wa Baraza la Wawakilishi hulipeleka kwa karani wa baraza hilo na wala si FEC. Tamko lake la 2020 lilionyesha mshahara wa dola 55,000. La 2022 likasema 750,000. Weka karatasi hizo tatu mezani pamoja na swali linajiandika lenyewe. Oktoba 2023 mweka hazina wake alikiri mahakamani kwamba mkopo mmoja wa dola 500,000 ulikuwa wa kubuni, na Desemba mosi Santos akafukuzwa bungeni. Ukinikuta nikisoma fomu za mgombea bila tamko la mali pembeni, ujue siku hiyo sifanyi kazi.

Mikopo ina upande mwingine pia. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Seneta Ted Cruz, mwaka 2022, mgombea aliyeshinda anaweza kurudishiwa mkopo wake wote kwa michango inayokuja baada ya uchaguzi. Zamani kikomo kilikuwa dola 250,000. Angalia basi nani anachangia mwezi baada ya kura kuhesabiwa, wakati hakuna tena kampeni ya kuisaidia.

Sasa turudi kwa wachangiaji, maana najua utakwenda tu. Kampeni inatakiwa kumtaja kwa jina, kazi na mwajiri yule ambaye jumla yake imezidi dola 200 katika msimu. Walio chini ya hapo huwekwa kwenye fungu moja lisilo na majina. Uwiano wa fungu hilo na jumla kuu unasema mengi kuliko jina lolote: mgombea anayejisifu kuwa wa wananchi wa kawaida huku fungu dogo likiwa asilimia tatu ya mapato yake, mwulize. Tazama pia wafanyakazi wa kampuni moja waliotoa kiasi kile kile siku moja. Huenda kulikuwa na chakula cha jioni cha harambee, jambo halali kabisa. Huenda pia mtu mmoja amegawa pesa zake kwa majina ya wengine, na hilo ni kosa la jinai. Fomu haitakuambia ni lipi.

Mtego unaowanasa wengi ni ActBlue na WinRed. Hayo ni majukwaa ya kupitishia michango, ya kwanza kwa Wademokrati, ya pili kwa Warepublican, nayo hutoa ripoti zao wenyewe zinazotaja hata aliyetoa dola tano. Ukijumlisha ripoti ya jukwaa na ya mgombea umehesabu pesa ile ile mara mbili.

Salio la mwisho nalo huwadanganya wengi. Ndani yake huwemo michango ya uchaguzi mkuu, ambayo mgombea haruhusiwi kuitumia kwenye mchujo, na akishindwa lazima airudishe isipokuwa mchangiaji akubali ielekezwe kwingine. Mwenye salio la milioni moja na madeni ya laki sita si tajiri. Madeni huandikwa kwenye jedwali D, lisome.

Kuna pesa ambazo hutaziona kabisa kwenye fomu ya mgombea. Tangu 2010 makundi yaitwayo super PAC yanaweza kupokea na kutumia kiasi chochote, mradi yasipange mambo pamoja na kampeni. Mwaka 2024, katika mchujo wa New York uliomwangusha mbunge Jamaal Bowman, kundi moja lenye uhusiano na AIPAC, shirika la ushawishi linaloiunga mkono Israel, lilitumia zaidi ya dola milioni 14. Aliyesoma fomu za wagombea wawili tu hakuuona mchuano wenyewe. Ujanja wa kisasa ni kuanzisha kundi siku chache kabla ya kura, baada ya ripoti ya mwisho kufungwa. Ripoti ya kabla ya uchaguzi huishia siku ya 20 kabla ya kura, kwa hiyo tangazo unaliona kwenye televisheni na majina ya waliolilipia unayapata watu wakiwa wameshapiga kura.

Kwa anayetoka kwetu: mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kuchangia, mwenye viza ya masomo haruhusiwi, na ndugu yake aliye Mombasa haruhusiwi. Ukiona jina la Kiswahili kwenye orodha usirukie kusema ni pesa za kigeni. Wala usinakili anwani za watu ukawaomba mchango wa msikiti, kanisa au chama cha kijiji. Sheria inakataza, na kampeni huruhusiwa kupenyeza majina machache ya bandia ili kuwanasa wanaofanya hivyo.

Usingoje FEC ikufanyie kazi. Ina viti sita, inahitaji kura nne kuchukua hatua, na mwaka 2019 na tena 2025 haikuwa hata na makamishna wa kutosha. Ripoti ziliendelea kuingia vilevile.

Kabla ya kuchapisha, mpigie mweka hazina. Namba yake iko kwenye Fomu ya 1. Muulize malipo moja moja, kwa tarehe na kiasi, usimuulize kwa ujumla. Mara nyingi jibu ni dogo na la kuchosha, na habari yako inafia hapo. Akikujibu kwamba watawasilisha marekebisho, isubiri fomu mpya, kisha ifungue pamoja na ile ya kwanza, ambayo FEC haiifuti, uone ni mistari ipi imebadilika.