Kabla hujabadilisha kidhibiti cha tatu, pima waya

"Mkubwa, nimebadilisha vidhibiti viwili na bado vya ghorofa ya tatu vinapotea kila jenereta ikiwaka. Mwenye hoteli ameanza kunikunjia uso. Nibadilishe na cha tatu?"

Ujumbe huu umetoka kwa fundi kijana wa hapa Goma. Anashughulikia hoteli ya ghorofa tatu kando ya ziwa yenye vidhibiti 22 vya taa, viyoyozi na pampu, vyote kwenye laini moja ya RS-485, yaani jozi moja ya nyaya inayopitisha data ya vifaa vyote. Jibu fupi ni hapana, mdogo wangu, usinunue kitu. Kifaa kilichokufa hakifufuki jenereta ikizimwa. Kinachopotea na kurudi ni mawasiliano, na mawasiliano yanapita kwenye waya. Jibu refu ni hili hapa, kwa sababu maswali ya namna hii yamekuwa mengi na yote yana mzizi mmoja.

Mzizi wenyewe ni dharau. Kwenye devi (makadirio ya bei) ya jengo janja, mstari wa nyaya za sinyali huwa wa mwisho, na mteja akiomba punguzo ndio unaokatwa kwanza. Kwenye shantie, pale jengo linapojengwa, kazi ya kuzivuta hupewa kijana aliyemaliza kubeba saruji asubuhi. "Ni kama waya za simu tu," anaambiwa. Halafu mfumo ukigoma anaitwa mtu wa programu, naye anakaa siku tatu mbele ya kompyuta akitafuta kosa lililofunikwa juu ya dari.

Tuanze dukani. RS-485 inataka jozi iliyosokotwa yenye impedansi (ukinzani kwa sinyali inayosafiri) ya omu 120, kinga ya karatasi ya alumini na uzi wake wa shaba, na ndani yake waya wa tatu kwa ajili ya rejea ya pamoja, yaani sifuri ambayo vifaa vyote vinapimia volti. Huo waya wa tatu ndio watu wanaousahau, tutaurudia. Ukikosa kebo yenye jozi moja na waya mmoja, nunua ya jozi mbili: jozi ya kwanza ni data, na jozi ya pili isokote ncha zake uitumie kama rejea. Kebo ya mtandao ya boksi, Cat 5 au Cat 6, ina omu 100 na mara nyingi haina kinga. Kwenye chumba kimoja itakuvumilia, lakini kwenye hoteli yenye jenereta na lifti haitakuvumilia muda mrefu.

Na kama unanunua boksi Birere, sokoni hapa mjini, lipime kabla hujatoa pesa, kwa maana nzuri na mbaya zinakaa rafu moja. Kuna kebo za alumini zilizopakwa shaba kwa juu. Kwaruza waya kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Muuzaji akikataa usikwaruze, menya ncha mbili za boksi, unganisha nyaya za jozi moja upande mmoja, pima kwa multimeta upande wa pili. Boksi kamili la mita 305 la shaba ya kweli, waya wa geji 24, litakupa kama omu 50. Geji 23 itakupa kama 41. Ukisoma 80, hiyo ni alumini, hata kama boksi limeandikwa shaba kwa herufi kubwa.

Sasa umbo la laini. RS-485 ni kamba moja: inaingia kifaa cha kwanza, inatoka kwenda cha pili, inaendelea hivyo hadi cha mwisho. Si nyota, si mti. Kiwango kinaruhusu mita 1,200 na mizigo 32 ya kawaida, kwa hiyo vidhibiti 22 si tatizo hata kidogo. Tatizo ni lile boksi la kuunganishia kwenye korido ambako fundi alitoa matawi matatu ya mita 20 kwenda kila ghorofa ili aokoe kebo. Sinyali ikifika mwisho wa tawi inadunda na kurudi, inagongana na ile inayokuja. Mafundi waliozoea KNX, mfumo mwingine wa nyaya za majengo janja, ndio wanaoanguka hapa zaidi, maana KNX inaruhusu mti na nyota, inakataa mzunguko tu, na haitaki rezista ya kumeza mdundo mwishoni mwa laini. Hiyo ni mifumo miwili tofauti, usichanganye sheria zake.

Namna ya kuingia na kutoka kwenye kifaa ina ufundi wake, na hapa kazi nyingi hufia. Menya ganda la nje sentimita 4 au 5, si zaidi. Kata karatasi ya alumini, acha uzi wa kinga. Usifungue msokoto wa jozi zaidi ya sentimita moja na nusu. Waya wa + unaoingia na wa + unaotoka viingize pamoja kwenye kikofia kimoja cha kubana chenye mdomo wa nyaya mbili, ubane kwa koleo lake, si kwa meno ya plaizi. Hivyo ukichomoa kifaa kimoja kwa matengenezo, laini inabaki nzima kwa wengine. Nyuzi mbili za kinga, moja kutoka kila kebo, zisokote pamoja na uzivalishe mpira unaonywea kwa moto, ili kinga iendelee bila kugusa chuma cha boksi. Kaza skrubu, kisha vuta kila waya kwa vidole. Unaotoka kwa kuvutwa leo ungetoka wenyewe baada ya miezi sita.

Usiamini herufi A na B. Watengenezaji hawakukubaliana, A ya huyu ni B ya yule. Fuata alama za + na −, chagua rangi moja iwe + jengo zima, iandike ndani ya mlango wa kabati.

Kila laini ina rezista mbili za omu 120, moja kila mwisho wa kamba. Mbili tu. Vifaa vingi vina swichi ndogo ya kuiwasha, na mafundi wenye bidii huiwasha kwenye kila kifaa. Ndiyo maana kipimo hiki kinastahili kukaririwa: zima umeme wa vifaa vyote, weka multimeta kati ya + na −. Laini nzuri itasoma 60 hadi 65 hivi. Ukiona kama 120, rezista moja haipo au kamba imekatika njiani. Ukiona 40, ziko tatu. Ukikaribia sifuri, nyaya zimegusana mahali. Kazi ya dakika moja, na inaokoa siku nzima.

Kisha washa umeme, zuia kidhibiti kikuu kisitume, pima volti kati ya + na −. Kifaa kinahitaji angalau milivolti 200 ili kijue laini imetulia. Ukisoma 40 au 50, laini inaelea, na kelele yoyote itasomeka kama data. Hapo zinatakiwa rezista za kuvuta, moja ikivuta + kwenda juu na moja ikivuta − kwenda chini. Kwa Modbus, lugha ya data inayotumika sana juu ya RS-485, inapendekezwa kati ya omu 450 na 650, mahali pamoja tu kwenye laini nzima, kwa kawaida kwenye kidhibiti kikuu.

Turudi kwa waya wa tatu, maana ndiko jenereta ya huyu kijana ilikojificha. RS-485 inapima tofauti kati ya + na −, ni kweli, lakini kila kifaa kinavumilia nyaya hizo ziwe kati ya volti −7 na +12 kulingana na sifuri yake mwenyewe. Ghorofa ya tatu ikilishwa na kabati lake, sifuri yake ni ya kabati hilo. Jenereta ikiwaka na nyutro yake haikufungwa vizuri na ardhi ya jengo, sifuri ya ghorofa ya tatu inaruka na ya chini inabaki. Waya wa rejea unazishika sifuri hizo zikae karibu. Kinga haifanyi kazi hiyo, na wanaoitumia kama waya wa rejea wanaingiza kelele ndani kwa mikono yao wenyewe.

Kinga inafungwa ardhini upande mmoja, kwenye kabati kuu. Upande wa mwisho kata uzi, uvalishe mpira, uache. Ukiifunga pande zote mbili, tofauti ya ardhi itapitisha mkondo kwenye kinga na utasikia muungurumo wa jenereta ndani ya data. Kebo ya mota inayotoka kwenye variatere (kifaa cha kubadili kasi ya mota) ya pampu ni kinyume chake: kinga yake inafungwa pande zote mbili, kwa kibanio kinachoizunguka yote. Kebo hizo mbili zisikae trei moja kamwe. Acha nusu mita kutoka kebo ya variatere, sentimita 30 kutoka nyaya za kawaida za umeme, na pale njia zinapokatana zikatane kama msalaba.

Ardhi yenyewe, hapa Goma, ni mwamba. Mji umejengwa juu ya lava ya volkano Nyiragongo, na sehemu ya lava hiyo ni ya Januari 2002. Nondo ya shaba ya mita 1.5 inapigwa nyundo, inaingia sentimita 40, inapinda. Fundi anaikata juu, anaifunika kwa saruji, anaandika "ardhi iko." Haiko. Badala ya kupigana na mwamba, zungusha waya wa shaba mtupu wa milimita za mraba 25 au 35 kwenye mtaro kuzunguka msingi, kina cha nusu mita, uufunge na chuma cha msingi, ujaze udongo ulioletwa pamoja na bentonaiti, udongo wa mfinyanzi unaoshika maji. Chumvi usiweke, itakula shaba yako. Pima kwa kipima ardhi chenye vijiti viwili, kijiti cha kati kikiwa kwenye asilimia 62 ya umbali wa kile cha mbali. Chini ya omu 10 ni vizuri sana. Usipoifikia juu ya lava, la muhimu zaidi ni hili: ardhi ya umeme, ya jenereta, ya kinga na ya mnara wa intaneti zote zikutane kwenye upau mmoja. "Ardhi safi ya kompyuta" iliyojitenga kwenye shimo lake ni njia nzuri ya kuunguza kompyuta.

Kwa maana radi haituonei huruma. Hesabu ya setilaiti iliyochapishwa 2016 iliiweka Kabare, pale juu ya Bukavu, nafasi ya pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: mimweko kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Sisi na Bukavu tunashiriki Ziwa Kivu, sisi tuko ncha ya pili. Kila waya wa sinyali unaotoka nje ya jengo, kwenda nyumba ya pampu au geti, uwekewe kinga ya radi kila mwisho, na waya wake wa ardhi usizidi nusu mita kufika kwenye upau. Kati ya majengo mawili yenye ardhi mbili, acha shaba, weka fiba.

Mabomba nitayapitia haraka. Bomba la milimita 25 lina nafasi ya kebo nne za unene wa milimita 6. Ya tano inaingia kwa nguvu, na nguvu hiyo inaonekana baadaye kwenye vipimo. Boksi la kuvutia baada ya kila kona mbili. Sabuni ya kuoshea vyombo ikikauka inakuwa gundi, tumia unga wa talki. Lebo iwekwe pande zote mbili kabla ya kuvuta, si baada, na si kwa kalamu juu ya selotepu.

Vihisi vya joto vina hesabu yake. Mita 50 za waya wa milimita ya mraba 0.5, kwenda na kurudi, ni omu 3.4. Kwa Pt100 (kihisi cha platinamu chenye omu 100 kwenye digrii sifuri; Pt1000 kina omu 1,000) ya nyaya mbili hilo ni kosa la karibu digrii 9. Kwa Pt1000 halifiki digrii 1. Kwa hiyo Pt1000, au Pt100 ya nyaya tatu. Vilevile valvu ya 0–10 V inayokula ampea 0.3 kupitia waya uleule wa sifuri, kwa umbali huohuo, inapoteza nusu volti, yaani asilimia 5 ya amri yako. Ipe sinyali sifuri yake, au tumia sinyali ya mkondo, 4–20 mA.

Mega ya volti 500, kipimo cha uhami wa nyaya, ipigwe kabla ya kuunganisha kifaa chochote. Baada ya hapo ni kuua vidhibiti, na wapo waliowahi kuua laini nzima kwa kubonyeza mara moja.

Sasa wewe, fundi kijana wa hoteli ya ghorofa tatu. Zima vyote, soma omu kati ya + na −. Washa, soma volti laini ikiwa imetulia. Kisha pima volti ya AC kati ya sifuri ya kabati la chini na ile ya ghorofa ya tatu, jenereta ikiwa imezimwa, halafu ikiwa inanguruma. Kama vipimo viwili vya kwanza ni vibaya, tenga laini kwenye kifaa cha 11, weka rezista ya 120 hapo kwa muda, uone nusu ipi inapona. Endelea kugawa, utafika kwenye kosa kwa hatua tano. Kama ni cha tatu ndicho kinaruka, nenda moja kwa moja kwenye nyutro ya jenereta. Nitumie namba hizo, pamoja na picha ya ndani ya kabati la ghorofa ya tatu, mlango ukiwa wazi.