Kabla ya Kuandika "Marekani Yapitisha": Kwa Wanaoanza Dawati la Kimataifa

Mwandishi anayeletwa kwenye dawati la habari za kimataifa huambiwa mapema kwamba habari za Marekani ni nyepesi, kwa kuwa zinaandikwa kila mahali na kila mtu anazijua. Nimekaa kwenye dawati hilo miaka mingi, nikitafsiri na kuhariri taarifa za habari za redio, na ninaloliona ni kinyume chake: hakuna nchi inayotukosesha usingizi kama ile, hasa kwa sababu msikilizaji wetu anadhani anaijua, nasi tunadhani hivyo hivyo. Ninalowasisitizia wageni wa dawati ni jambo moja tu. Kabla ya kuchagua kitenzi, uliza jambo hilo limefika wapi na ni nani mwenye mamlaka ya kulimaliza.

Hilo nilijifunza kwa aibu. Alfajiri ya tarehe 19 Desemba 2019 nilikuwa zamu peke yangu, na kule Washington ilikuwa bado usiku wa tarehe 18. Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 230 kwa 197 katika shtaka la kwanza dhidi ya Rais Donald Trump, la matumizi mabaya ya madaraka, nami nikakimbilia kichwa kifupi kinachosomeka vizuri hewani: "Trump ang'olewa madarakani." Kikasomwa saa kumi na moja, kikarudiwa saa kumi na mbili, na kabla ya saa moja asubuhi wasikilizaji walikuwa wakipiga simu kuuliza ni nani ameapishwa. Mhariri wangu hakufoka. Alikuja na karatasi niliyoichapa, akaizungushia kalamu nyekundu neno "ang'olewa", akaniuliza, "Na Seneti imesema nini?" Sikuwa na jibu, kwa sababu Seneti ilikuwa haijaketi.

Katika katiba yao, Baraza la Wawakilishi hufungua mashtaka tu, ilhali Seneti ndiyo inayoketi kama mahakama, na kumtia rais hatiani huhitaji thuluthi mbili ya maseneta waliohudhuria. Trump aliachiwa Februari 2020, akashtakiwa tena Januari 2021, akaachiwa tena. Kabla yake walishtakiwa Andrew Johnson mwaka 1868 na Bill Clinton mwaka 1998, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeondolewa. Richard Nixon, ambaye wengi humtaja katika orodha hiyo, hakuwahi kushtakiwa na Baraza zima. Alijiuzulu Agosti 1974 kura haijapigwa. Kwa hiyo andika "amefunguliwa mashtaka na Baraza la Wawakilishi", hata kama ni maneno marefu na mtangazaji atanung'unika. Sisi wenyewe tulipitia mtihani huohuo karibu na nyumbani: Oktoba 2024 Bunge la Kenya lilimpigia kura Naibu Rais Rigathi Gachagua tarehe 8, Seneti ikathibitisha tarehe 17, na katikati ya tarehe hizo neno "kubanduliwa" lilitumiwa ovyo kwa hatua zote mbili, ingawa mwenyewe alikuwa bado ofisini.

Mfano ulio mzito zaidi kwa wasikilizaji wetu ni ule wa fedha zinazotumwa nyumbani. Mwaka 2025 kamati ya Baraza la Wawakilishi iliingiza katika muswada mkubwa wa bajeti kodi ya asilimia 5 kwa fedha ambazo watu wasio raia wa Marekani hutuma nje ya nchi. Siku ile ile vyombo kadhaa viliandika kwamba Marekani imepitisha kodi hiyo, nasi tukapokea ujumbe wa mama mmoja wa Moshi akitaka kujua kama amwambie mwanawe aliye Minnesota atume ada ya wadogo zake ya mwaka mzima kabla mlango haujafungwa. Muswada ulipopitishwa na Baraza tarehe 22 Mei, kwa kura 215 kwa 214, asilimia ilikuwa imeshuka hadi 3.5. Seneti ikaishusha tena hadi 1, ikaielekeza kwa wanaotuma kwa fedha taslimu na vyombo vinavyofanana nazo, ikawaacha wanaotumia akaunti za benki au kadi zilizotolewa Marekani, na haikubagua tena raia na asiye raia. Rais alitia saini tarehe 4 Julai, na kodi ikawekwa ianze tarehe 1 Januari 2026. Mtu aliyeandika "yapitisha" katika hatua ya kamati alikosea kiwango, alikosea wanaotozwa, na alikosea tarehe. Tulimjibu yule mama asubiri, na ninaamini hilo ndilo jibu bora tulilotoa mwaka ule.

Amri za rais nazo zina mtego wake. Tarehe 20 Januari 2025 Trump alisaini amri ya kuwanyima uraia watoto wanaozaliwa Marekani na wazazi wasio na hati au wenye viza za muda, na vichwa vya habari vikasema uraia wa kuzaliwa umefutwa. Uraia huo umo katika Marekebisho ya 14 ya katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1868, na siku tatu baada ya saini jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Seattle aliisimamisha amri ile. Rais huamrisha watumishi wa serikali yake. Hafuti katiba kwa kalamu. Sahihi ilikuwa kuandika kwamba ameamuru, kisha kusubiri mahakama.

Tafsiri ya vyeo nayo isichukuliwe juu juu. Wizara ambayo jina lake ukilifasiri neno kwa neno unapata "Mambo ya Ndani" kule haishughulikii usalama wa ndani wala uhamiaji. Inasimamia ardhi ya umma, hifadhi za taifa na masuala ya wenyeji wa asili. Kinachofanana na Mambo ya Ndani ya kwetu ni Wizara ya Usalama wa Ndani, iliyoundwa baada ya mashambulizi ya Septemba 2001. Neno "jimbo" pia lina mawili: kwa Mtanzania jimbo ni pale anapotoka mbunge, kwa hiyo ukisema "mbunge wa jimbo la Texas" umemfanya msikilizaji aamini Texas ina mbunge mmoja, ilhali ina wawakilishi 38. Na unapotaja Baraza la Wawakilishi, taja la Marekani, kwa maana Zanzibar inalo la kwake na wasikilizaji wa Pemba hawatakusamehe.

Kuhusu msamaha, kila Novemba mtapokea habari ya Rais kumsamehe bata mzinga, na mtu mpya hudhani ni utani wa ofisini. Ni desturi ya kweli ya Ikulu yao kabla ya sikukuu ya Shukrani. Msamaha wa rais kwa binadamu, hata hivyo, unahusu makosa ya sheria za shirikisho pekee, ndiyo maana hukumu ya hatia katika mashtaka 34 aliyopata Trump mbele ya baraza la wazee wa mahakama mjini New York tarehe 30 Mei 2024, kwa sheria za jimbo, haikuwa ndani ya uwezo wake kujisamehe hata aliporudi Ikulu.

Usiku wa uchaguzi unahitaji maandalizi ya peke yake. Hakuna tume ya taifa ya uchaguzi inayotangaza mshindi, hakuna ukumbi wa kujumlishia kura kama Bomas ya Nairobi, hakuna mwenyekiti wa kusoma karatasi. Kila jimbo huendesha uchaguzi wake, na tunachokisikia usiku ni makadirio ya vyombo vya habari. Mwaka 2000 mitandao mikubwa ya televisheni ilimpa Al Gore jimbo la Florida, ikalirudisha, ikampa George W. Bush, ikalirudisha tena, na mwishowe tofauti rasmi ikawa kura 537. Mwaka 2020 upigaji kura ulikuwa Jumanne tarehe 3 Novemba, na makadirio ya ushindi wa Joe Biden yakaja Jumamosi. Andika "anakadiriwa kushinda" na utaje ni chombo gani kimekadiria.

Uchaguzi ujao wa katikati ya muhula ni tarehe 3 Novemba 2026, wa viti vyote 435 vya Baraza na takriban thuluthi moja ya Seneti. Saa zao zitakuwa zimerudishwa nyuma Jumapili inayotangulia, kwa hiyo tofauti yetu na Washington itakuwa saa nane badala ya saba. Vituo vya kwanza, vya Indiana na Kentucky, huanza kufungwa saa nane usiku kwa saa zetu. California hufunga saa moja asubuhi, na huhesabu kwa majuma. Wa zamu waje wamelala mchana, na chupa ya chai ijazwe mapema, kwa sababu kibanda cha jirani na ofisi hufungwa saa tatu.