Mkia wa Gari Unapoyumba Kwenye Kona

SWALI: Mwezi uliopita niliweka matairi mawili mapya mbele ya gari langu, ambalo injini yake huendesha magurudumu ya mbele, na nyuma nikabakiza yale ya zamani. Kwenye lami kavu halina tatizo, lakini mvua ikinyesha, au nikiingia kwenye barabara ya changarawe, mkia wake huyumba kila ninapokata kona. Fundi amepima mpangilio wa magurudumu na kuukuta sawa. Je, kosa liko kwenye usukani, kwenye matairi au kwenye barabara?

JIBU: Ndugu msomaji, usukani wako hauna kosa. Kila tairi hugusa barabara kwa eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja cha mkono, na ni viganja hivyo vinne tu vinavyolizuia gari lisiteleze upande linapopinda. Lami kavu hushika vizuri kiasi kwamba hata tairi lililolika huweza kuficha udhaifu wake. Juu ya maji au changarawe ufichaji huo hauwezekani: matairi yako mapya ya mbele yanashika na kugeuka, ilhali ya nyuma yanashindwa kuyafuata, na hapo ndipo mkia unapotupwa nje.

Wengi huamini kwamba matairi mapya yanafaa kukaa kwenye magurudumu yanayoendeshwa na injini. Mimi nakusihi uyahamishie nyuma, hata kama gari lako ni la kuvutwa na magurudumu ya mbele, kwa sababu mbele ikiteleza gari hupanua kona na dereva aliyepunguza mwendo kwa kawaida hulirudisha, lakini nyuma ikiteleza gari huanza kujizungusha lenyewe, na dereva asiye na mazoezi hana muda wa kulirekebisha.

Pima pia kina cha kashata, yaani michoro iliyochongwa kwenye uso wa tairi, za matairi hayo ya zamani. Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha takriban milimita 8, na nchi nyingi zimeweka milimita 1.6 kuwa kikomo cha chini, ingawa uwezo wa kusukuma maji pembeni hupungua mno kabla ya kufika hapo. Maji yasipopata njia ya kutokea, mwendo ukiwa mkubwa tairi hupanda juu yake na usukani huwa mwepesi ghafla. Likikupata hilo, inua mguu kwenye mafuta polepole, shikilia usukani bila kuukata, na usikanyage breki kwa nguvu.

Changarawe ni habari nyingine. Hapo kinachoteleza si mpira peke yake, bali hata mawe yaliyo chini yake, ambayo hubingirika, kwa hiyo hakuna kashata itakayokuondolea haja ya kupunguza mwendo kabla ya kuingia kwenye kona. Kwenye mawimbi ya barabara ya vumbi magurudumu hurukaruka, na gurudumu lililo hewani haliwezi kushika chochote.

Upepo upimwe matairi yakiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji wa gari, mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva. Ukishabadilisha matairi na kusawazisha upepo, na bado mkia ukayumba, mrudie fundi akague shokapu (vifyonza mtikisiko) na bushi (mipira ya kwenye viungio) za nyuma.